Uso wa Mama, Ukubwa wa Kiganja

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka tisa, mama yangu Mmbone alikufa, na shida ikaanza siku hiyo hiyo. Baba alikuwa ameondoka kitambo. Dada yangu Kavetsa alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa ameshaposwa. Akakataa kwenda, akabaki kunilea. Shule niliachia darasa la nne. Nayasema haya mapema ili mtu asije akasoma hapa akitafuta Kiswahili cha vitabuni. Kazi yangu ni brashi. Hii kalamu ni ya kuazima.

Nyinyi wa kibanda cha chai, hapa Soweto West ya Kibera, kila mmoja amenishika kwa wakati wake akiuliza safari ilikuwaje, na kwa nini nilirudi na picha ile ile niliyoondoka nayo. Nimechoka kurudia. Someni.

Mnajua nimetoka wapi. Zaidi ya miaka thelathini nimeandika mabango: bucha, kinyozi, saluni, makanisa. Wale ng'ombe wanaocheka kwenye kuta za bucha za upande wetu, wengi ni wangu. Moja ya hizo bucha ilinitupa kutoka ngazini nikaacha meno mawili ya chini kwenye lami, na kesho yake nilirudi nikamaliza pembe. Kisha mashine za kuchapisha zikaja, mabango yakawa ya plastiki, nikakaa bure.

Ndipo Mutua, fundi wa fanicha wa Kawangware 46, Mkamba wa Kitui, akaanza kunipa vipande vya plaiwudi vinavyobaki akikata. Vilikuwa vidogo, kama kiganja. Nikaanza kuvichorea kwa rangi ya mafuta, nikidhani kitu kidogo ni rahisi. Nilijidanganya. Kwenye bango, ukikosea sikio la ng'ombe watu wanapita tu. Picha ya kiganja mtu anaishika, anaileta machoni, na kosa lako linamtazama. Lakini ina raha yake, sitaficha. Unakaa mlangoni asubuhi, mwanga unakuja kutoka upande mmoja, rangi iko laini kama siagi. Unaweka doa moja jeupe kwenye jicho, na kile kipande cha mbao kinaanza kukuangalia. Nikiwa hapo sisikii redio ya jirani wala njaa.

Sasa, dada yangu nilikuwa nimemwahidi picha ya mama. Mama hakuwahi kupigwa picha hata moja. Nilikuwa nikiahirisha. Halafu Jentrix, mke wa mtoto wa dada, akanipigia simu kutoka nyumbani kwetu Mbale, kwa Wamaragoli.

"Anko," akasema, "jicho moja la mathe, huyu dada yako, limekwisha kabisa. Lile lingine linajifunga. Kitu akikisogeza karibu na pua ndiyo anakiona. Anauliza ile picha. Anasema kama unaleta, leta sasa."

Nilikuwa nimeianza wiki tano nyuma, na hapo ndipo kulikuwa na balaa. Mafuta ya kitani ya kulainishia rangi yaliniishia katikati. Nikachukua mafuta ya kupikia, nikasema mafuta ni mafuta. Wiki tano, na ukiigusa ile picha bado inakupaka. Hiyo ilikuwa hofu yangu ya kwanza. Ya pili sikumwambia mtu: uso wa mama sikuukumbuka vizuri. Nilichora kile mkono ulichonipa, nikaomba Mungu kiwe chenyewe.

Soweto West hadi Kawangware 46

Picha mbichi huwezi kuifunga kwa gazeti, gazeti litaondoka na uso. Niliibandika chini ndani ya sufuria kwa donge la unga wa ngano, mama akitazama juu, nikafunika, nikaondoka kwa miguu asubuhi. Mfukoni nilikuwa na tyubu nne za rangi, brashi mbili na kisu cha siagi.

Nilitembea kama mtu aliyebeba mayai ya watu. Karibu na mtaa wa Jamhuri kijana mmoja wa boda akanifuata polepole. "Niaje mzee. Panda, hizo madondo zitapoa." Nikamwambia aende na yale mashimo yake ya barabara. Akaniambia harufu ya maharagwe yangu ni kama ya gereji.

Mutua alikuwa anapeleka kabati kwa mteja Mbale kwa pikapu ya kuazima, na tulikuwa tumepatana twende pamoja tukitoka mapema. Kufika, kabati halijamalizika. Na pale kwake ni mashine ya kupiga msasa, vumbi la mbao limetanda kama ukungu. Vumbi la mbao na rangi mbichi! Nilivuka barabara nikasimama na sufuria yangu kando ya mama muuza mboga ya sukuma, saa mbili nzima, nikihesabu kila upepo. Yule mama aliniuliza mara tatu kama nauza.

Mwishowe Mutua alikuja kuangalia. Akafunua, akagusa pembeni kwa ukucha, akanusa.

"Mzee. Hii ni mafuta ya kupikia?"

"Mafuta ni mafuta."

"Umemkaanga mama yako," akasema, na akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanivuta mpaka chini ya meza yake ya kazi akanionyesha debe la mafuta ya kitani, limejaa, yale anayopaka milango. "Liko hapa mwaka mzima. Ungeuliza."

Nikamwambia mimi si mtu wa kuomba-omba. Akasema ndiyo maana nabeba chapati kwenye sufuria.

Lakini mkono wake ni mzuri kuliko mdomo wake. Kwa nusu saa alinitengenezea kisanduku chenye mifereji miwili ndani, picha inateleza na kukaa katikati bila uso kugusa kitu. Kifuniko alikitoa kwenye kipande cha mvule, alichokipiga msasa mpaka kikawa kama ngozi ya mtoto. Nilipima kila upande kwa kidole. Sikumwambia asante, yeye mwenyewe anajua.

Kawangware hadi Nakuru

Tuliondoka saa tano badala ya saa mbili. Nilishika kisanduku magotini, sawa kama maji kwenye beseni. Kila tuta tukilivuka nilikuwa nafungua kidogo kuchungulia. Kufika Naivasha Mutua akaniambia nimefungua mara kumi na nne, na kwamba mama angekuwa hai angekuwa amenipiga kofi ili apumzike.

Tulisimama Gilgil kula. Nilikiweka kisanduku juu ya meza mbele yangu, mkono juu yake, nikaagiza maharagwe na chapati. Msichana wa kuhudumia akauliza kama anaweza kukisogeza kidogo apate nafasi ya sahani. Nikakataa. Mutua, mdomo umejaa, akamwambia asikiguse, mama ya mzee yuko ndani, tunampeleka nyumbani Mbale.

Yule msichana alirudi nyuma. Sikuelewa. Nilidhani ameudhika. Baada ya muda kidogo akatoka mwenye hoteli, mama mnene mwenye kitambaa cha kanisa, akaja moja kwa moja, akaweka viganja vyote viwili juu ya kisanduku, akaomba. Aliomba kwa sauti. Alimwombea marehemu pumziko, akaniombea mimi nguvu, akakemea ajali njia nzima mpaka Mbale. Watu wa meza za jirani wakavua kofia. Mutua alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatetemeka, na nilijua si machozi.

Ningesemaje? Ningefungua niwaonyeshe ni mbao? Nikasema amina. Walikataa malipo ya chakula. Tukitoka Mutua akaniuliza kama nimeona, mama ameanza kutulisha. Sikucheka. Nilikuwa nafikiria kwamba yule mwanamke aliegemeza uzito wake wote pale juu, na mifereji ni ya mbao laini.

Hapo Jentrix akapiga tena. Dada alikuwa amegonga mwimo wa mlango asubuhi hiyo, mlango wa nyumba yake mwenyewe. Nikamwambia Mutua aongeze mwendo. Akasema pikapu haijasikia habari ya jicho.

Nakuru hadi Kericho

Pikapu ilisikia kwa njia yake. Tulipita njia panda ya Molo, mvua ikaanza, na mkanda wa injini ukakatika. Mkanda mwingine ungepatikana Nakuru tu, na ilikuwa jioni. Mutua alisimamisha gari la maziwa akarudi nalo mjini. Mimi nikabaki kulinda kabati la watu na mama.

Ng'ambo kulikuwa na boma, na bibi mmoja mzee wa Kikipsigis akaniita kwa mkono niingie nisinyeshewe. Kiswahili chake kilikuwa maneno matano na Kikalenjin changu ni sifuri. Alinipa viazi vya kuchemsha na kikombe cha mursik, maziwa yao ya mgando yenye unga wa makaa, machungu kidogo, mazuri. Nilikula nikiwa nimepakata kisanduku. Moto, viazi, uchovu. Nilisinzia.

Kuamka, kisanduku kilikuwa magotini pake. Alikuwa amekifungua. Alikuwa ameiona picha inang'aa, akafikiri mvua imeingia ndani, na kwa huruma yake alikuwa anaikausha kwa ncha ya leso.

Nilisimama tu. Yule bibi aliona leso yake imekuwa ya hudhurungi, akaona shavu la mama limevutwa mpaka sikioni, akaelewa. Alijishika mdomo. Kisha akasema moja ya yale maneno yake matano, "Pole," akairudia mpaka nikaona aibu kwa ajili yake, kwa sababu mwenye makosa ni yule aliyechora kwa mafuta ya kupikia.

Mutua alirudi usiku na mkanda, tukalala hapo. Asubuhi Mutua alipokuwa akifunga mkanda, nilikaa kwenye ukingo wa pikapu kurekebisha. Sasa sikilizeni nyinyi mnaotaka kujifunza kuchora. Picha ndogo hairekebishwi kwa woga. Niligusa shavu, shavu likaharibu pua. Nikagusa pua, pua ikaita jicho. Mutua aliniangalia, akafuta grisi, akachukua brashi mkononi mwangu bila kuniuliza.

"Acha, mzee. Ukiendelea, tutafika na ubao."

Ni mtu wa kabati, hajui kuchora hata kikombe, na alisema kweli. Niliacha shavu na alama ya leso.

Kericho hadi Mbale

Hapa hakuna mengi. Chai pande zote mbili za barabara, kijani mpaka unachoka. Mutua alijaribu kunipa hadithi za Kitui, nikawa namjibu mm. Nilikuwa nikijiuliza mambo mawili tu, kama jicho bado liko wazi, na kama yule niliyemchora ni mama.

Kwa mara ya kwanza nilimwambia Mutua hofu yangu ya pili. Alilipita lori la chai kwanza. Kisha akaniuliza nilichora nikimtazama nani. Nikamwambia nilifumba macho nikachora uso uliokuja. Akasema basi huyo aliyekuja ana haki yake.

Kwa Kavetsa

Dada alikuwa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni. Aligeuza kichwa kufuata miguu yetu, uso haukutupata. "Umechelewa," akasema. "Lakini umefika. Na huyo mgeni, mkaribishe, nyinyi wa Nairobi mnasahau watu mlangoni."

Nilitaka kutoa picha hapo hapo. Hapana. Kwetu mgeni anakula kwanza. Jentrix akaleta ugali, mrenda na kuku, na firigisi ikawekwa mbele yangu kwa sababu mimi ndiye mwanamume mkubwa wa boma. Niliigeuzageuza kwa kidole. Mutua akaniuliza kwa upole kama firigisi imenishinda, kwa sababu Wakamba hawana ubaguzi. Nikamsukumia sahani. Jentrix alishtuka, maana kitu hicho hakifanywi.

Dada alinawa mikono, akakausha kwa rinda. Nilitelezesha kifuniko, nikamwekea picha viganjani, nikamwambia ashike kingo tu. Akaisogeza mpaka karibu iguse pua. Hapo ndipo nilijua kwa nini Mungu alininyima bango akanipa kiganja. Picha kubwa asingeiona hata kidogo.

Alikaa nayo. Kuku mmoja aliingia jikoni, akatoka. Mutua aliacha kutafuna.

"Isaya," dada akasema. "Huyu si mama."

Nilijua. Nadhani nilijua tangu Kibera.

"Huyu ni mimi," akasema. "Hili paji ni langu. Na hiki kitambaa nilikifunga mwaka ule wote mama alipokufa, sikuwa na kingine. Wewe mtoto, ulikuwa unamtazama nani kila siku? Si mimi?"

Nilitoa kisu cha siagi. Rangi mbichi inatoka kwa mkwaruzo mmoja, dakika tano una ubao safi, hiyo ndiyo faida pekee ya ujinga wangu. Nilitaka kufuta nianze upya kabla jua halijageuka. Dada alisikia kisu kikigusa kisanduku. Akanishika kifundo cha mkono, na ana nguvu bado.

"Usinifute. Mimi bado niko. Mama mtafutie mahali pengine."

Hapakuwa na pengine. Nilitafuta boma zima. Mabati, matofali, vipande vya kuni. Mutua alikuwa anaondoka kupeleka kabati. Akarudi kutoka kwa pikapu, akaokota kifuniko cha mvule, akanipa.

"Hiki nimekipiga msasa mwenyewe. Lakini ukikitia mafuta ya kupikia nakirudisha Kawangware."

Nilichora asubuhi nne. Rangi moja kwa moja kutoka kwenye tyubu, bila tone la mafuta. Mlangoni mwa jikoni, mpaka jicho la dada lianze kutoa machozi, basi tunaacha. Yeye alisema, mimi nikaweka. Paji la mama lilikuwa fupi. Masikio yalikaa chini. Macho hayakulingana, la kushoto lilikuwa dogo, na mimi nilipolilinganisha alikasirika. Niliogopa kila asubuhi kwamba ataamka asione, na niliogopa akiona.

Siku ya tatu tulikwama kwenye mdomo. Niliuchora mara sita. Kila mara alisema hapana, mpaka nikaanza kufikiri hata yeye hakumbuki. Kisha akasema polepole, "Wewe unampa meno yote."

"Mdomo umefungwa, dada. Meno hayaonekani."

"Yanaonekana kwa jinsi mdomo unavyokaa. Mama alikuwa ameng'olewa mawili ya chini akiwa msichana, kama wenzake wa siku zile. Mdomo wa chini ulikuwa unaingia ndani. Umesahau alivyokuwa akikuita ukiwa kule mtoni?"

Niliweka brashi chini. Uso nilikuwa nimeupoteza, lakini hiyo sauti ilikuwa imekaa sikioni mwangu miaka hamsini bila mimi kujua. Mama hakuwa akiita jina. Alikuwa akipiga mluzi kupitia lile pengo, mrefu, unaoinuka mwishoni. Nami nina pengo langu, mahali hapo hapo. Niliweka ulimi, nikapuliza. Mara ya kwanza ni upepo mtupu. Mara ya pili ukatoka.

Mkono wa dada ulisimama hewani.

"Hivyo," akasema. "Sasa shika mdomo wako, uone ulivyokaa. Huo ndio uchore."

Nikajigusa kwa vidole kama kipofu, nikauchora. Mara moja. Sikuugusa tena.

Asubuhi ya nne nilimpa kifuniko. Alikisogeza mpaka puani, akakizungusha kupata mwanga. Alimsalimia mama kwa Kimaragoli, salamu ya asubuhi, ile mtoto humpa mzazi, akangoja kidogo kama mtu anayengoja kuitikiwa. Mimi nilitoka nje kuangalia mahindi ya watu.

Kurudi

Kifuniko kilibaki Mbale. Nilirudi na kisanduku bila kifuniko, ndani yake ile picha ya kwanza, nimeifunika na sufuria ya Jentrix. Mutua alikuwa amenisubiri kwa mteja wake hizo siku nne, tukaondoka pamoja mpaka Naivasha. Hapo akaniuliza kama tupite Gilgil tumwambie yule mama wa maombi. Nikamwambia Gilgil imeshapita, na hata ingekuwa mbele nisingesimama. Akasema njaa yake ingesimama.

Wiki tatu baadaye Jentrix alipiga. Jicho limefunga. Akasema dada bado anakaa mlangoni asubuhi na kile kifuniko, anapitisha kidole gumba kwenye mdomo wa chini, pale nilipoweka rangi nene. Imekauka, haimpaki. Akasema wakati mwingine mathe anajaribu mluzi lakini ana meno yake yote, kwa hivyo anatoa upepo tu, na anacheka peke yake.

Mnauliza safari ilinipa nini. Leo nina hivi. Chumba kimoja Soweto West, cha kukodi, kodi nalipa mwenyewe. Kitanda, jiko, sufuria tatu, moja ni ya Jentrix. Brashi tisa. Tyubu nne, moja karibu inaisha. Chupa ya mafuta ya kitani, niliomba kwa Mutua, kwa mdomo wangu mwenyewe. Vipande ishirini na viwili vya plaiwudi. Meno thelathini kasoro. Dada mmoja, hai. Na picha moja yake, ukubwa wa kiganja, ina alama ya leso shavuni, iko juu ya rafu hapo mlangoni. Bado haijakauka. Msiiguse.